Mutuele Moja, Kituo Kimoja: Tulipe ao Tuache?

(Maneno ya mjumbe wa kamati ya afya katika mkutano wa wamemba, kabla ya michango ya mwaka. Tumeyaandika karibu namna alivyoyasema.)



Kamati iliniomba niseme juu ya mutuele ya afya. Mwezi ujao wataanza kupokea michango, na kila nyumba inauliza: tulipe tena ao tuache?

Sisi tuliorudi kutoka Tanzania tulikuwa na mazoea mengine. Kule Lugufu na Nyarugusu uliugua, ukapanga foleni, ukatibiwa. Foleni ilikuwa ndefu, lakini hakuna aliyekuomba pesa. Tangu meli za kurudisha watu zianze kutoka Kigoma kuja Baraka mwaka 2005, tulijifunza upya neno fakitire. Hapa kwetu kituo cha afya kinaishi kwa pesa ya mgonjwa, hata sabuni na mafuta ya taa vinatoka humo. Njo maana mtu analetwa kwa kipoyi akiwa karibu kufa: nyumba ilikuwa kwanza inatafuta mnunuzi wa mbuzi.

Mutuele ilikuja kujibu lile jambo. Unalipa mavuno yakiwa ndani, unatibiwa wakati mfuko ni mtupu. Na imesaidia, tusidanganyane. Kuko wamama hapa ndani waliopasuliwa usiku wakati wa kuzaa, na shamba lao bado ni lao.

Lakini malalamiko ni ya kweli, na mengine nimeyaona kwa macho. Mutuele iko moja tu, na hiyo moja iko na mapatano na kituo kimoja tu. Wale wa ng’ambo ya mto, mvua ikinyesha, kadi yao ni karatasi. Dawa zikiisha, unaandikiwa ukanunue kwa farmasi ya sokoni, na ile pesa hairudi. Mwaka jana mchango ulipanda, tukajua kwa tangazo lililobandikwa mlangoni. Mwenye kadi anakaa kwenye benchi, mwenye pesa mkononi anaingia, juu mutuele inachelewa kulipa kituo na waganga wamechoka kungoja. Ukiuliza, unajibiwa: “Kama hamutaki, muende kwingine.” Kwingine ni wapi, ndugu zangu?

Kwa miaka mingi inchi yetu ilikuwa na shirika moja tu la asiransi, SONAS, lililoanzishwa mwaka 1966. Sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilifungua mlango, na sasa kuko makampuni mengine ya asiransi. Lakini yanatafuta wateja wapi? Kwa wafanyakazi wa benki, wa migodi, wa mashirika makubwa, kwa sababu kule mchango unakatwa kwenye mshahara kabla mtu hajauona. Sisi mshahara wetu ni mihogo, karanga na ndakala. Kampuni itume mtu kwa piki-piki, avuke mito mitatu kukusanya dola chache kwa kila nyumba? Mafuta yatakula mchango wote. Kwa hiyo mlango ulifunguliwa mjini, huku kijijini tumebaki na mmoja.

Na si kwetu peke yetu. Ndugu zetu waliotoka Nyarugusu wakapelekwa Marekani watashangaa kusikia tunafanana. Kule, katika soko la bima lililowekwa na sheria ya serikali, mwaka 2018 karibu nusu ya kaunti zilikuwa na kampuni moja tu ya kuchagua, hasa mashambani. Inchi tajiri namna ile! Mahali watu ni wachache na njia ni ndefu, wauzaji hawagombani.

Vijana wanasema: basi tuanzishe mutuele yetu, tuwashindanishe. Naelewa hasira yao, lakini hesabu inakataa. Tuseme watu 1,000 wanalipa dola 4 kila mmoja. Ni dola 4,000 kwa mwaka mzima, na humo mtalipa malaria, kuhara, uzazi na upasuaji. Mkigawa ule mfuko mara mbili, miezi miwili mibaya itamaliza mmoja wao. Mfuko mdogo hufa kwanza, na wagonjwa wake ndio wanaolia. Ni kwa sababu hiyo pia wanadai nyumba nzima iandikwe, wazima na wagonjwa, na wanaweka muda wa kungoja kabla kadi haijaanza kazi. Kila mtu angelipa siku ya homa tu, mfuko ungekuwa na nini? Mambo hayo mawili tusiyapinge.

Cha kupinga ni kutendewa kama wateja. Mutuele si kampuni. Sheria namba 17/002 ya tarehe 8 Februari 2017 ndiyo inaongoza mutuele katika inchi yetu, na mutuele kwa asili yake ni ya wamemba wenyewe, bila faida ya mtu. Mteja akikasirika anaondoka. Memba anaitisha mkutano, anafungua kitabu cha pesa. Sasa niambieni, ni nani hapa amewahi kuitwa katika mkutano wao mkuu? (Sikuona mkono hata mmoja.)

Kwa hiyo kamati inapendekeza hivi. Tulipe, lakini tusilipe nyumba moja moja kwa dirisha. Tulipe kama shirika, siku moja, na barua juu ya pesa. Barua iombe mkutano wa wamemba kabla ya bei mpya, na mapatano na kituo cha ng’ambo ya mto, hata kwa homa na uzazi tu. Iombe pia kwamba mwenye karatasi ya muganga na risiti ya farmasi arudishiwe. Halafu iko neno la majira: wanapokea mchango wakati mihogo iko bado udongoni. Nyumba ya watu 8 itoe dola 32 mara moja, tena katika mwezi wa njaa? Waturuhusu kulipa mara mbili, nusu sasa, nusu kisha kuvuna karanga. Wakikataa kutuita, pesa ibaki kwa mweka hazina wetu mpaka tuonane.

Wafadhili wetu, kwenu niko na neno gumu kidogo, munisamehe. Mkilipa mchango wetu wote moja kwa moja kwa mutuele, mkuu wake atawasikiliza ninyi, si sisi, na siku mkiondoka kadi zitakufa. Mukiweza, saidieni nusu ya mchango wa wajane na wazee wasio na nguvu, na ipitie katika orodha yetu. Tena muombe kuona hesabu ya mutuele kama munavyoomba yetu.

Orodha ya nyumba iko kwa katibu. Mujiandikishe kabla ya siku ya Mungu ijayo, kila kichwa, hata mtoto wa jana. Nyumba zenye mama mwenye mimba ziseme mapema: muda wa kungoja ukihesabiwa vibaya, atazaa kabla kadi haijafunguka, na hao tutawalipia kwanza.