KUVUA NA KUWINDA PEKE YAKE: RAHA YAKE NA HATARI ZAKE

Maneno ya mazungumzo kwa wavuvi na wenyeji wa Gongoni na jirani zake



Uko mto mmoja wenye majina matatu. Huko juu, katika nchi ya Wakamba, huitwa Athi. Ukipita katika nyika ya Tsavo huitwa Galana. Na ukikaribia bahari, kusini ya Mambrui, huitwa Sabaki. Kando ya mto huo wamepata kukaa watu wa namna mbili waliozoea kutafuta riziki kila mtu peke yake: huko nyikani mwindaji na upinde wake, na huku pwani mvuvi na mtumbwi wake. Mazungumzo haya yahusu watu hao wawili, na swali lenyewe ni hili: mtu akienda peke yake apata nini, na apoteza nini?

RAHA IPO

Yafaa kusema kweli kwanza: raha ipo. Mtu aondokaye kabla ya alfajiri, akasukuma mtumbwi wake katika mikoko iliyo nyuma ya mashamba ya chumvi ya Gongoni, hana bwana juu yake. Hakuna nahodha wa kumkaripia, hakuna baharia mvivu wa kumngoja, wala hakuna msema mengi wa kutisha samaki. Akitaka kutia nanga hutia, akitaka kurudi hurudi. Kwa mtu aliyechoka na kelele za mji, hiyo peke yake ni dawa.

Raha ya pili ni ya hesabu. Katika chombo cha watu wengi, samaki wakiisha kuuzwa, fedha hukatwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, na kinachobaki ndicho cha mabaharia. Pengine mtu aliyevuta kamba usiku kucha hurudi nyumbani na fedha zisizotosha unga na sukari. Lakini mwenye mtumbwi wake na mshipi wake, akipata changu watano, wote watano ni wake.

Raha ya tatu ni elimu. Mtu aliye peke yake hana wa kumwuliza, kwa hiyo hujifunza kutazama. Huujua mwezi, ya kuwa bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na maji mafu huja kati ya nyakati hizo. Hujua ya kuwa wakati wa kusi maji mekundu ya Sabaki huelekea kaskazini, upande wa Mambrui na Gongoni, na wakati wa kaskazi hugeuka kwenda kusini mpaka Malindi. Na ya kuwa penye maji ya tope ndipo kamba hupenda kukaa.

Tena huzijua alama. Baharini hakuna vibao vya njia. Mvuvi hupatanisha vitu viwili vya nchi kavu, kama mnazi mrefu na paa la msikiti, hata vikawa mstari mmoja. Kisha hutafuta vitu viwili vingine upande wa pili. Mistari hiyo miwili ikikutana, hapo chini pana mwamba wake. Wavuvi wa Ngomeni wamepata alama nyingine isiyofanana na mnazi, yaani yale majukwaa ya chuma yaliyosimamishwa baharini na Waitalia katika miaka ya 1960, ambako chombo cha anga kilichopewa jina la Uhuru kilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Chombo kilikwenda kutazama nyota, na mvuvi hutazama jukwaa apate kumjua tewa alipo. Kila mtu na kazi yake.

MWINDAJI WA NYIKANI

Sasa hebu msikilizaji aufuate mto mpaka juu, katika nyika ya Galana. Huko ndiko walikowinda Waata, ambao zamani watu wengine waliwaita Waliangulu au Wasanye. Walikuwa mabingwa wa kuwinda ndovu kwa upinde. Upinde wao ulihitaji nguvu za ratili 100 na zaidi kuuvuta, na mishale yao ilipakwa sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa porini, sumu ambayo husimamisha moyo. Mwindaji alikwenda peke yake au pamoja na mwenzake mmoja tu, maana miguu mingi hufanya kishindo na jasho la watu wengi husikika upesi. Alisoma nyayo kama karani asomavyo barua, akapima upepo, akamkaribia ndovu hatua kwa hatua mpaka akawa karibu mno.

Huo ulikuwa ustadi mkubwa, na hakuna haja ya kuudharau. Lakini na ule nao ulikuwa na upungufu wake. Mwindaji aliyekuwa hodari mbele ya ndovu alikuwa mnyonge mbele ya mchuuzi. Pembe aliyoipata kwa kuhatarisha roho aliiuza kwa siri na kwa bei ndogo, na faida kubwa ikawa ya wafanyabiashara ambao hawakupata kukanyaga nyika. Kisha, katika miaka ya 1956 na 1957, walinzi wa mbuga ya Tsavo walifanya msako mkubwa, na wengi wa wawindaji hao wakatiwa gerezani. Mwaka 1960 ulianzishwa mpango huko Galana ili Waata wapate kuwinda kwa ruhusa, wapate na fungu lao. Lakini mpango huo haukuendelea kama ulivyokusudiwa. Mwaka 1977 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama, na sheria ya wanyama wa porini ya mwaka 2013 ikaongeza adhabu. Kwa hiyo leo mtu aingiaye msituni na upinde au kitanzi haendi kwenye raha, bali aenda kwenye kosa.

Na kitanzi chafaa kitajwe hasa. Mtu hutega, kisha huondoka. Kitanzi hakichagui. Aliyekusudia paa apata mbwa wa jirani, au ng'ombe, na pengine mguu wa mtoto aliyetoka kuokota kuni. Mtegaji hayuko, na mwingine hajui mitego iko wapi. Siri ya mtu mmoja yawa hatari ya kijiji kizima.

Jambo moja la Waata lafaa likumbukwe. Kila mwindaji alitia alama yake juu ya mshale, ili ijulikane mnyama ni wa nani. Hata mtu aliyezoea kwenda peke yake aliona ya kuwa hawezi kuishi bila shahidi. Na kama hakuna mtu wa kushuhudia, basi mshale wake ushuhudie. Mvuvi aliye peke yake baharini hana mshale wa namna hiyo.

MIKONO MIWILI HAITOSHI

Mito hushuka, na mazungumzo yashuke nayo mpaka pwani.

Upungufu wa kwanza wa mvuvi aliye peke yake ni mikono. Upepo ukibadilika ghafula na maji yakiingia, mmoja yafaa ashike kafi au usukani na mwingine ashike upo afue maji. Aliye peke yake achague: afue maji mtumbwi ugeuke ubavu kwa wimbi, au aushike mtumbwi ujae maji. Ndiyo maana wazee husema kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwandishi Ernest Hemingway wa Marekani, aliyepata kuvua samaki Malindi mwaka 1934, alitoa mwaka 1952 kitabu juu ya mvuvi mzee wa Kuba. Mzee huyo alikaa siku 84 bila kupata kitu, kisha akanasa peke yake samaki mkubwa kuliko mashua yake. Alimshinda, akamfunga ubavuni. Lakini njiani papa walimla samaki huyo, mzee akafika pwani na mifupa. Mara nyingi katika safari ile mzee alitamani kijana aliyezoea kuvua naye awepo. Maneno hayo mvuvi wa Gongoni hahitaji kufafanuliwa.

Upungufu wa pili ni ajali ndogo. Mwiba wa taa, meno ya mkunga, ndoana katika kiganja: haya si mambo ya kuua mtu upesi, kama mwenzake yupo. Aliyechomwa na taa hufaa aingize mguu katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika, maana moto hupunguza maumivu, kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali. Lakini aliye peke yake mbali na pwani hana moto, hana sufuria, wala hana wa kumpigia kafi. Na mpiga mbizi azuiaye pumzi atafute pweza au kamba mkubwa katika miamba yumo katika hatari kubwa zaidi. Aweza kuzimia ndani ya maji bila kusikia dalili yoyote. Mwenzake akimwinua mara moja huenda akapona, na asipokuwapo mtu, basi.

Upungufu wa tatu ni bei. Mwenye samaki watano na asiye na barafu hawezi kumngoja mnunuzi mwema. Jua lapanda, samaki walegea, naye huchukua chochote anachopewa. Ni hali ile ile ya mwindaji na pembe yake.

Upungufu wa nne hufikiriwa na watu wachache. Yule ajuaye mwamba wake kwa mnazi na paa la msikiti, asipomwonyesha mtu, mwamba huo hufa naye. Elimu ya miaka thelathini yazikwa kwa siku moja, na mwanawe aanza tena na alifu.

ASIYE NA SHAHIDI

Lakini upungufu ulio mkubwa kupita yote hauko baharini. Uko nyumbani.

Mvuvi akizama mbele ya mwenzake, mwenzake hurudi na habari. Ni habari nzito, lakini ni habari. Watu hulia, huomba dua au sala, huweka matanga, na mjane hujua ya kuwa ni mjane. Lakini mvuvi aliyezama peke yake, mtumbwi usionekane wala mwili usitupwe pwani, huwaachia watu wake fumbo. Mkewe si mke wala si mjane. Matanga hayawezi kuwekwa, maana pengine mtu atarudi. Arobaini haihesabiwi, maana haijulikani ianze siku gani. Kila chombo kikitokea upande wa Ngomeni watoto hukimbilia ufukoni.

Na sheria nayo haiendi upesi. Katika Sheria ya Ushahidi ya Kenya, mtu ambaye habari zake hazikusikiwa kwa muda wa miaka 7 na wale ambao yamkini wangezisikia, huchukuliwa kuwa amekufa, isipokuwa pakiwa na ushahidi wa kuonyesha vingine. Miaka saba! Mtoto aliyekuwa anyonyesha siku ile baba alipoondoka, sasa yumo darasani. Katika muda huo wote fedha za baba zilizo benki, shamba lenye jina lake, na shauri la mama kuolewa tena, yote yaweza kuwa mashaka, na mama ataabike kwenda mbele ya Kadhi au hakimu akieleza jambo asilolijua. Shahidi mmoja, mtu mmoja tu aliyeona, angaliweza kuiondoa taabu hiyo.

SHAURI

Je, mtu asivue tena peke yake? La. Wako wasio na chombo kikubwa, na wako ambao kimya cha alfajiri ndicho kitu pekee walicho nacho cha kuwafurahisha. Shauri lenyewe si kukomesha raha hiyo, bali ni kuitia mpaka.

Kwanza, asiondoke mtu bila kumwambia mtu: aenda upande gani, kwa chombo gani, na atarudi maji gani. Hayo ni maneno matatu, na hayapunguzi samaki. Ambaye hataki kuutaja mwamba wake na autaje upande wake tu.

Pili, mitumbwi miwili na iende mahali ambapo mmoja aweza kumwona mwenzake. Kila mtu avue kwa mshipi wake na kila mtu auze samaki wake, lakini jicho liwepo. Huko ndiko kuwa peke yake bila kuwa mpweke.

Tatu, upo na ufungwe kwa kamba usipotee, koti la kuelea livaliwe na si kukaliwa, na simu ya mkononi itiwe katika mfuko usioingia maji. Lakini simu isidhaniwe kuwa ni mwenzi. Haifui maji wala haimwinui mpiga mbizi.

Nne, samaki wauzwe kwa pamoja. Kanuni za mwaka 2007 ziliwapa wavuvi wa Kenya njia ya kuwa na vyama vyao vya kusimamia fuo zao. Chama chenye daftari la kuandika nani ametoka na nani amerudi kimefanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi.

Tano, siku ambayo hakuna shule, mtoto na achukuliwe, ikiwa bahari ni shwari. Aonyeshwe mnazi, aonyeshwe paa la msikiti, aonyeshwe mahali mistari inapokutana. Baba atapoteza kimya cha siku moja, lakini ule mwamba utakuwa umepata mrithi.

Basi, usiku wa leo maji yakianza kupwa, kabla mtu hajalishika kafi lake, na agonge mlango mmoja aseme: "Naenda upande wa Ngomeni, nitarudi na maji ya kujaa." Kisha aende zake salama, avue kwa raha.