"Nikibonyeza, Taa Inafifia": Tuliyojifunza Kuhusu Redio za Upepo

Hotuba ya Mratibu wa Miradi katika semina ya kamati za sharika



Tumepewa nafasi ya kuzungumza kuhusu redio za upepo, zile ambazo wengi wetu tumezoea kuziita redio koli. Tunajua baadhi yenu mnajiuliza kwa nini tutumie muda wa semina kwa jambo hili wakati kila mtu hapa ana simu ya mkononi. Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba simu hutegemea mnara, na mnara ni wa mtu mwingine. Ukizimika, sisi hatuna la kufanya ila kusubiri. Machi 2019 kimbunga Idai kilipoipiga Beira, nchi jirani ya Msumbiji, mji ule mkubwa ulikatika mawasiliano na hali yake ikachelewa kujulikana. Na sisi wenyewe bado tunazo zahanati za bondeni ambako mtu hupata mtandao kwa kupanda juu ya kichuguu. Redio ikiharibika, angalau tunaweza kuitengeneza wenyewe. Lakini hilo tulijifunza kwa gharama kubwa.

Tuanze na kosa letu

Wafadhili wetu wanastahili kuusikia ukweli kutoka kwetu. Miaka kadhaa iliyopita tulifunga redio katika zahanati moja ya bondeni. Siku ya uzinduzi kulikuwa na kwaya, pilau na picha za kuweka kwenye ripoti. Baada ya miezi michache redio ile ikanyamaza. Hospitali iliita kila siku saa 2 asubuhi, haikupata jibu. Tukaifungua ukutani, tukaipakia kwenye basi na kuipeleka mjini kwa fundi. Fundi akaiwasha mezani kwake, ikafanya kazi, akairudisha na karatasi iliyosema haina tatizo. Tukaifunga tena. Kimya. Tukaipeleka mara ya pili, jibu likawa lile lile.

Redio ikiwa mjini mara hiyo ya pili, mama mmoja alifika zahanati akiwa na uchungu pingamizi. Gari la wagonjwa lilikuwapo hospitali na dereva alikuwapo. Hakukuwa na njia ya kuliita. Vijana wa kijiji walimbeba mama kwa machela ya miti usiku kucha hadi barabara kuu. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Tulipokwenda kutoa pole, muuguzi alitufungulia daftari la redio bila kusema neno. Wiki kadhaa kabla hatujaifungua redio mara ya kwanza, alikuwa ameandika kwa mkono wake, mara tatu, kwa tarehe tofauti: "Nasikia vizuri. Nikibonyeza, taa inafifia."

Ugonjwa wote wa redio ile ulikuwa katika maneno hayo, na sisi wa ofisi ya miradi hatukuwahi kulisoma daftari.

Tueleze maana yake. Redio ya wati 100 ikiwa inasikiliza hula umeme kidogo, kama ampea 1. Ukibonyeza kitufe ili useme, huhitaji takriban ampea 20. Kichwa cha betri kilikuwa kimeota ukungu wa kijani, na waya tulioutumia ulikuwa mwembamba. Njia mbovu inayopoteza volti 0.1 tu wakati wa kusikiliza itapoteza volti 2 wakati wa kusema. Basi betri yenye volti 12.6 inaifikia redio ikiwa na volti 10.6, na redio inazimika. Mezani kwa fundi kulikuwa na umeme mzuri na waya mnene, kwa hiyo fundi alisema kweli. Ubovu ulibaki zahanati, pale tulipoufunga sisi wenyewe. Tuliumaliza kwa msasa, grisi na waya mnene, kazi ya nusu saa.

Burudani iliyogeuka shule

Baada ya hapo tuliamua kwamba hatutaleta tena chombo tusichokielewa. Tulianza kukutana Jumamosi jioni: sisi wa ofisi, dereva wa gari la wagonjwa, mwalimu wa sekondari na fundi wa sokoni anayetengeneza redio na pasi. Tulichanga fedha zetu, tukanunua redio kuukuu, tukafunga waya kati ya miti miwili na kuanza kusikiliza. Majumbani walituona tumerudi utotoni. Lakini katika kuchezea waya ule tulijifunza mengi kuliko katika warsha zote tulizowahi kuhudhuria.

Burudani hii ina jina na sheria zake. Ni redio za ridhaa. Anayetaka kurusha sauti hewani lazima awe na leseni. Kwa Tanzania hutolewa na TCRA, na alama za vituo vya nchi yetu huanza na 5H, kama za Kenya zinavyoanza na 5Z na za Uganda 5X. Leseni ya ridhaa ni ya kujifunza na kufanya majaribio, si ya shughuli za taasisi. Ujumbe wa hospitali na zahanati hupita katika masafa ambayo taasisi yenyewe imepewa kwa leseni yake. Tunaomba kamati zisichanganye mambo haya mawili.

Hata hivyo, siku ya maafa watu wa ridhaa huwa msaada mkubwa. Desemba 2004 Bharathi Prasad na wenzake kutoka India bara walikuwa Port Blair, visiwa vya Andaman, kwa burudani yao ya kuzungumza na wenzao wa dunia nzima. Tarehe 26 tsunami ikapiga. Mawasiliano ya visiwa yalipokatika, antena zao za burudani zikapeleka habari za walio hai na za wanaotafutwa. Waliweza kwa sababu vyombo vyao vilikuwa tayari na mikono yao ilikuwa imezoea.

Kufunga redio: anza na antena

Kosa la kawaida ni kutumia fedha nyingi kwenye redio na kubakiza kidogo kwa antena. Antena nzuri na redio ya kawaida zitawafikisha mbali kuliko redio ya bei kubwa yenye antena mbovu.

Kwanza chagueni aina kulingana na ardhi. Redio za VHF, zikiwamo za mkononi, husafiri kwa mstari ulionyooka. Penye uwanda, kila upande ukiwa na mlingoti wa mita 9, tegemeeni kilomita 25 hivi. Kilima kikisimama katikati, hampati kitu. Kwa zahanati iliyo nyuma ya milima, tumieni redio ya masafa mafupi. Mawimbi yake hupanda juu angani na kurudi chini, hivyo huruka mlima.

Antena ya masafa mafupi ni rahisi: nyaya mbili za shaba zinazotandazwa kutoka katikati. Kupata urefu wake wote kwa mita, gawanyeni 143 kwa masafa yenu ya megahezi. Kama mmepewa megahezi 5, jibu ni mita 28.6, yaani mita 14.3 kila upande. Kateni ndefu kidogo, kisha mpunguze mkipima. Mlingoti mmoja wa mita 9 katikati unatosha, na nyaya zishuke pande mbili. Ncha zake zisifikiwe na watoto wala mifugo, kwa maana huunguza wakati wa kurusha. Waya unaotoka antena ukunjwe ushuke chini ya dirisha kabla ya kupanda na kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondokee nje. Kiungo cha juu kifungwe vizuri kwa utepe wa mpira. Maji yakiingia ndani ya waya huo, shaba hugeuka nyeusi na waya wote ni wa kutupwa.

Wingu la mvua likitanda, chomoeni waya wa antena na kuuweka mbali na redio. Msibonyeze kamwe kitufe cha kusema kama antena haijaunganishwa. Mnaweza kuiua redio.

Ikinyamaza, fuateni utaratibu huu

Msikimbilie bisibisi. Anzeni na vilivyo nje ya kasha, kwa sababu hitilafu nyingi tulizokutana nazo zilikuwa huko.

1. Someni daftari. Aliyekuwa anaitumia ameona nini?

2. Pimeni betri kwa testa, redio ikiwa inasikiliza, kisha mtu akiwa amebonyeza kitufe. Betri iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 hivi. Ikionyesha 12.0, haijachajiwa vya kutosha. Kama betri yenyewe haishuki sana lakini volti zinaanguka nyuma ya redio, ubovu uko katika waya, fyuzi au vichwa vya betri.

3. Angalieni antena kwa mita iitwayo SWR. Sindano ikiwa kati ya 1 na 1.5, hali ni nzuri. Ikifika 3, robo ya nguvu inarudi ilikotoka; acheni kurusha, mtafute waya uliokatika au maji yaliyoingia.

4. Hakikisheni masafa na saa. Masafa yanayofaa mchana huenda yasifae usiku. Kwa megahezi 7 mtampata jirani wa kilomita 200 adhuhuri, na usiku mkamkosa huku mkisikia nchi za mbali. Hapo redio ni nzima. Shukeni megahezi 3 au 4 kama leseni yenu inaruhusu.

5. Kukiwa na mkwaruzo usiokoma, zimeni chaji kontrola ya sola na taa za umeme mdogo, moja baada ya nyingine. Mara nyingi kelele hutoka humo.

6. Yote yakiwa sawa, ndipo mpeleke redio kwa fundi. Mpelekeeni na waya wake wa umeme, pamoja na nakala ya daftari.

Redio haibebi mgonjwa

Mwaka 1996 wilayani Iganga, Uganda, ulianza mradi ulioitwa RESCUER, ambapo wakunga wa jadi waliunganishwa kwa redio na vituo vya afya, na usafiri ukawekwa wa kuwafuata kina mama. Mradi ule ulipanga mnyororo mzima: mkunga anayeita, kituo kinachosikia na gari linaloondoka. Pete moja ikikatika, zilizobaki hazimsaidii mama. Sisi tulikuwa na gari na dereva. Pete yetu iliyokatika ilikuwa kichwa cha betri, na mbele yake, masikio yetu wenyewe.

Maombi yetu

Kwa kamati za sharika tunaomba mambo matatu. Mosi, kila usharika wenye redio uteue watunzaji wawili, mmoja wao akiwa kijana, na wote wawili wafike Jumamosi za mafunzo. Hatuangalii vyeti, tunaangalia moyo wa kudadisi. Pili, daftari la redio lisomwe katika kila kikao cha kamati, kama mnavyosoma taarifa ya fedha. Tatu, uwepo mkoba wa vifaa: testa, spana, msasa, grisi, fyuzi za akiba na utepe wa mpira.

Kwa wafadhili wetu wapendwa, tunalo ombi ambalo huenda hamjalizoea. Mwaka huu msitununulie redio mpya. Tulizo nazo zinatosha. Tusaidieni betri za kubadilisha zilizochoka, nyaya nene, mita moja ya SWR na nauli za watunzaji kuja kujifunza. Vitu hivi havipendezi kwenye picha na havina siku ya uzinduzi. Lakini tukipewa kasha jipya bila hivi, tutarudi mbele yenu na habari kama ile tuliyowasimulia leo.

Muuguzi yule bado yuko bondeni. Siku hizi huita mwenyewe saa 2 asubuhi kabla hospitali haijamwita, na kijana wa kwaya aliyemfundisha yeye husafisha vichwa vya betri kila mwisho wa mwezi. Daftari lake la kwanza, lile lenye maneno yale mara tatu, alitukabidhi. Liko mezani ofisini kwetu. Kila mtumishi mpya wa mradi hulisoma kabla ya kupewa ufunguo wa stoo.