Kinga yenye haina pedali: maneno yetu juu ya barabara ya Burhale–Shabunda



Kwenye simu zenu munaonaka vijana wa Ulaya na Marekani wanashuka milima na kinga za bei kali, kofia ngumu kichwani. Njia ikikuwa mbaya, ndiyo furaha yao. Ni mchezo muzuri, hatukatai. Lakini hapa kwetu Kivu ya Kusini kuko vijana wanapita njia mbaya kuliko ile, na hakuna mwenye kuwapigia makofi: watu wa toleka wa Shabunda.

Tulitembea nyuma yao, upande wa Kigulube. Kinga yao haina pedali, hata munyororo wameutosha, sababu haipandwi, inasukumwa. Muti murefu umefungwa kwenye gido, ndio wa kuongoza. Mwingine umesimama nyuma ya kiti, ndio wa kusukumia. Katikati, muzigo wa zaidi ya kilo 100: chumvi, sabuni, muchele, vitenge. Kwa kupanda wanasaidiana. Kushuka ndiko kunaogopesha: kijana anavuta nyuma kwa nguvu yake yote, kisigino ndani ya matope, maana muzigo ukimushinda utamuangukia. Penye daraja ni miti miwili tu, wanafungua kila kitu, wanavusha kwa kichwa, wanafunga tena.

Sisi wa mujini tulijaribu. Hatukufika hata mita 50, kinga ikalala na sisi juu yake. Walicheka sana, kisha wakatuinua.

Shabunda ndiyo teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kusini, karibu sawa na Rwanda nzima. Dhahabu na kasiterite vinatoka kule. Chumvi ya mama wa kule, yenyewe, inafika kwa ndege ao kwa mabega ya hawa vijana, na bei inafuata. Kwenye bariere wanalipa, karatasi hawapewi. Wakati wa kurudia tulipishana na kinga moja yenye haikubeba muzigo. Ilibeba mama mugonjwa, amefungwa na kitenge asianguke. Hakuna mwenye alicheka pale.

Tuliwauliza: Leta ianzie wapi? Tulifikiri watasema lami. Walisema madaraja. Miti ya maana, misumari, na watu wa kijiji walipwe kwa kazi. Machine zitakuja kisha.

Basi tunataka hesabu ya pesa zote zenye zilitoka kwa jina la barabara hii ibandikwe mahali raia wanaweza kuisoma, na bariere yenye haitoe karatasi iondoke. Barua kwa gavana iko tayari, inabaki sahihi zenu. Mwenye kuwa na kinga aje nayo, atoshe pedali, afunge mufuko wa muchanga. Tutasukuma mpaka kwenye mulango wa ofisi, na barua itakuwa juu ya muzigo.