Anza na Chuma, Kisha Kadi: Namba za Gari kwa Mnunuzi wa Gari la Mkononi



Wengi wetu wanachama tunakopa ili kununua gari lililokwisha kutumika, na gari lenyewe ndilo linakuwa dhamana ya mkopo. Ndiyo maana nina ombi moja tu leo: soma namba ya chesisi iliyo kwenye chuma, iandike, ndipo uombe kadi ya gari. Ukianza na kadi, macho huona kile ulichokwisha kukisoma.

Hilo nilijifunza kwa uchungu. Nilimkagulia mwanachama mwenzetu Toyota IST nikiwa na kadi mkononi, nataja tarakimu moja moja huku muuzaji akiitikia. Nikaridhika. Siku ya kuhamisha umiliki ikagundulika kwamba 3 ya kwenye kadi ilikuwa 8 kwenye gari. Hakukuwa na wizi. Mtu alikosea kuandika zamani, na kosa likahama kutoka mwenye gari mmoja hadi mwingine. Lakini mnunuzi alikaa na gari ambalo haliwezi kuwa lake huku marejesho yakikatwa kila mwezi.

Kwenye magari madogo mengi ya Toyota, fungua boneti utazame ukuta unaotenganisha injini na abiria. Hapo namba ya chesisi imegongwa kwenye bati lenyewe. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, weka karatasi nyembamba juu yake, pitisha penseli kwa ubavu. Namba itajichora yenyewe. Tarakimu zilizogongwa kiwandani husimama mstari mmoja na kina kimoja. Ukiona moja imezama kuliko wenzake, au alama za msasa, au ulehemu unaoizunguka, usitoe hata shilingi ya kishika uchumba. Kwa Hilux na Land Cruiser, inama upande wa kulia karibu na gurudumu la mbele. Namba imegongwa kwenye chesisi. Kibati cha kiwandani chenye namba hiyo kisikutoshe peke yake, maana kinaweza kung'olewa na kubandikwa gari jingine.

Sasa namba yenyewe. Gari lililotengenezwa kwa soko la ndani la Japani halina namba ya tarakimu na herufi 17. Lina msimbo wa modeli, kistari, kisha namba ya mfululizo. Kwa Toyota, baada ya kistari huja tarakimu saba tupu. Kwa hiyo ukikuta herufi O baada ya kistari kwenye kadi, hiyo ni sifuri iliyochapwa vibaya, na irekebishwe kabla hujalipa. Msimbo nao unasema mengi: NCP60 ni IST ya injini ya 2NZ, cc 1,298, NCP61 ni ya 1NZ, cc 1,496.

Mwaka haumo katika namba hiyo. Nalisisitiza kwa sababu madalali hudai wanausoma hapo. Cheti cha kusafirisha gari kutoka Japani huonyesha lini gari lilisajiliwa mara ya kwanza. Umri si jambo dogo: hapa kwetu Tanzania unagusa kodi ya kuliingiza gari nchini, na Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia.

Namba zenye tarakimu na herufi 17 utazikuta kwa magari mengi yaliyoletwa yakiwa mapya. Hazitumii I, O wala Q, zisichanganywe na 1 na 0. Herufi ya kwanza huonyesha eneo: J ni Japani, W ni Ujerumani, Hilux za Durban, Afrika Kusini, huanza na AHT. Nafasi ya kumi hutaja mwaka wa modeli kwa magari ya Marekani, lakini viwanda vya Ulaya si vyote vinafuata hivyo.

Kwenye kibati tazama pia msimbo wa rangi. Kwa Toyota, 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 ni fedha. Gari jeupe lenye 202 limepakwa upya. Uliza kwa nini, kisha kagua milango na nguzo zake.

Namba ya injini kutofautiana na kadi si lazima iwe uhalifu. Injini hufa, zikabadilishwa. Ila badiliko hilo lilipaswa kufikishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na anayepaswa kulimaliza ni muuzaji, kabla ya malipo.

Napendekeza kuanzia sasa kila fomu ya mkopo wa gari ibandikwe ile karatasi ya penseli, iliyochukuliwa na mkopaji mwenyewe mbele ya fundi, na wote wawili waweke saini.