Hofu na Matayarisho Wakati wa Maradhi ya Kuambukiza

Maneno yaliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mombasa



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya hoja iliyoletwa na ndugu zetu kadhaa, ya kwamba sehemu ya akiba ya Chama itengwe kwa kukodi mabasi, ili siku maradhi ya kuambukiza yatakapoingia tena mjini, wake na watoto wapelekwe nyumbani ziwani mara moja. Mimi ni karani tu, si daktari, na umri wangu ni mdogo mbele ya wengi walioketi humu. Lakini vitabu vya hesabu vimo mikononi mwangu, na vina habari ambayo ni haki yenu kuijua kabla hamjapiga kura.

Mnakumbuka kwamba mtu wa kwanza mwenye korona alitangazwa katika Kenya tarehe 13 Machi 2020. Baada ya siku chache shule zikafungwa, na tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka nje usiku. Ndimu na tangawizi zikapanda bei sokoni, na kila jioni ikaja habari mpya ya kutisha, moja ikipinga nyingine. Katika siku hizo wanachama walikuja mlangoni pangu hata usiku, nami sikuwa na moyo wa kuwarudisha. Kamati ilikutana kwa haraka, tukiwa watu watano tu, tukakubaliana kukodi mabasi mawili. Hundi niliiandika mimi. Zaidi ya nusu ya akiba ya mazishi ilikwisha kwa alasiri moja.

Mke wangu na mwanangu walikuwa katika basi la pili. Watu walikaa watatu watatu penye viti vya wawili, na madirisha yakafungwa kwa sababu ya mvua. Nasema haya kwa aibu, maana tuliogopa ugonjwa wa kuambukizwa kwa pumzi, kisha tukawatia watoto wetu mahali ambapo watu walipumuliana usiku kucha. Tena tulikuwa tukiwapeleka kwa wazee wetu, ambao ndio hasa waliokuwa katika hatari kubwa ya korona. Kwa rehema ya Mungu hatukusikia kwamba yeyote wa mabasi yale aliugua. Lakini bahati si hekima, wala haifai kuandikwa katika hesabu kama mapato.

Tarehe 8 Aprili njia za kutoka na kuingia Mombasa zilifungwa, zisifunguliwe mpaka tarehe 7 Julai. Miezi mitatu baba walikaa huku bila kazi, na mama kule bila fedha. Mwezi wa Juni mwanachama mmoja akafariki, si kwa korona bali kwa ugonjwa wake wa siku nyingi. Mjane alipoleta kadi ya marehemu, iliyolipiwa kila mwezi kwa miaka kumi na moja, nililazimika kumwambia kwamba sanduku halina fedha ya kutosha. Hakusema neno. Aliifunga kadi ile katika leso yake akaondoka, nasi tukaanza kupitisha kofia. Kadi ile naiona mpaka leo kila nifunguapo daftari.

Hata hivyo, wazee wangu, sikusimama hapa kuwacheka walioogopa, maana nami nilikuwa mmoja wao. Mtu asiyeogopa kabisa ni hatari vilevile. Kipindupindu kilipozuka nchini mwezi wa Oktoba 2022, kikianzia kwa watu waliohudhuria arusi moja katika Kaunti ya Kiambu, wako miongoni mwetu waliosema kwamba huo ni ugonjwa wa watu wa bara, sisi hautuhusu. Kabla haujatulia, zaidi ya watu 10,000 walikuwa wameugua katika kaunti nyingi za nchi. Kipindupindu hakiulizi mtu kabila wala cheo. Basi hofu yafaa iwepo, lakini ipewe kazi ya kufanya mapema. Hofu isiyo na kazi ndiyo ikodiyo mabasi.

Wala tusidhani ya kuwa ni sisi raia tu tunaopotewa na akili. Mwaka 1902 tauni ilipoingia Nairobi, mji ulipokuwa bado mchanga, wakuu wa siku zile waliamuru soko la Wahindi liteketezwe kwa moto. Watu walipoteza maduka na mali. Na tauni ilirudi katika miaka iliyofuata, kwa maana huenezwa na viroboto wa panya, na panya hangoji moto umfikie.

Sasa niseme juu ya kipindupindu, kwa kuwa ndicho kitakachotujia tena, hasa sisi wenye mguu mmoja pwani na mmoja ziwani. Huingia kinywani, kwa maji au chakula kilichoguswa na choo cha mgonjwa. Mtu akishakimeza kijidudu, huenda akaugua baada ya saa chache, au baada ya siku mbili tatu, hata tano. Wengi hawaoni dalili yoyote, au huhara kidogo tu, lakini kijidudu hutoka katika choo chao siku kadhaa. Fikirini basi maana ya basi lililojaa watu kutoka mtaa wenye ugonjwa, likisimama njiani mara nne, kisha likishusha watu penye kijiji kinachochota maji ziwani. Hatutakuwa tumewakimbiza watoto. Tutakuwa tumewasafirisha pamoja na ugonjwa wenyewe, na kuupeleka kwa bibi zao.

Na hapa mjini adui yuko karibu. Maji ya bomba hutoka mbali, Mzima na Baricho, na kila mtu humu ajua ni siku ngapi kwa juma bomba hukauka. Likikauka twanunua madumu ya lita 20 kwa wenye mikokoteni, bila kuuliza yamejazwa wapi, au twachota visimani. Visima vingi vya kisiwa hiki vimechimbwa katika mawe ya matumbawe yapitishayo maji upesi, na vyoo vya shimo viko hatua chache tu. Maji ya kisima yaweza kuwa maangavu kama kioo na bado yakaua.

Lakini ugonjwa huu, ukishikwa mapema, hushindwa kwa vitu vya jikoni. Mwaka 1971, mwaka uleule kipindupindu kilipoingia Kenya mara ya kwanza katika mlipuko huu wa dunia wa wakati wetu, wakimbizi wa Bangladesh walikuwa wakifa kwa wingi kambini huko Bangaon, mpakani mwa Bara Hindi. Daktari mmoja, Dilip Mahalanabis, aliishiwa na maji ya kutia mshipani. Akaagiza maji safi yachanganywe na chumvi na glukosi kwa kipimo, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4. Dawa ile haikuwa ngumu kupatikana. Kilichohitajiwa ni kipimo kijulikane, na mtu mwenye kikombe awe karibu na mgonjwa.

Kwa hiyo Kamati yashauri fedha ya mabasi itumiwe hivi. Kila nyumba ya mwanachama ipewe dumu moja lenye mdomo mwembamba na kifuniko, dawa ya klorini ya kutia maji, sabuni, na pakiti nne za ORS. Katika kila mtaa achaguliwe mwanachama mmoja mwenye simu na akiba ndogo ya nauli, ambaye kazi yake ni kumfikisha mgonjwa hospitali usiku au mchana, maana mwenye kuhara sana aweza kufa kabla jua halijatua. Akiba ya mazishi isiguswe na Kamati ya watu watano kwa sababu yoyote. Mkutano mzima ndio utoe ruhusa. Gharama yote ya shauri hili haifiki robo ya fedha niliyoiandikia hundi mwaka 2020. Daftari liko mezani, na kila mwanachama aweza kuhakikisha.

Mzee mmoja, ambaye namheshimu kama baba, aliniuliza juzi: mtoto akifia huku mjini, nani atamzika kwao? Swali hilo ni zito, nami sitalipita kama sikulisikia. Nilimjibu kwamba Chama kitamsafirisha, ikiwa sanduku litakuwa na kitu siku hiyo, na kwa namna watu wa afya watakavyoelekeza, kwa kuwa maiti wa kipindupindu haoshwi na jamaa kama tulivyozoea. Lakini nilimwomba pia afikirie mtoto ambaye hatakufa kwa sababu mama yake alijua kipimo.

Kipimo chenyewe, pakiti zikikosekana, ni maji safi lita 1, sukari vijiko sita vya chai vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko. Chumvi isizidi, maana ikizidi hudhuru, hasa watoto. Mgonjwa anyweshwe kidogo kidogo, hata akitapika apumzishwe dakika kumi aanze tena, huku njia ya hospitali ikitafutwa.

Pale karibu na mlango akina mama wa Kamati wameweka jagi la maji hayo, waliyoyachanganya asubuhi ya leo, pamoja na vikombe. Yasiwe na chumvi kupita machozi. Naomba kila mmoja aonje, kisha Bwana Mwenyekiti aite kura.