PISHI YA ELIMU INASHIKWA NA NANI?
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Hati za Muungano za mwaka 1964 zilitaja mambo 11 ya kushirikiana, na elimu ya skuli haikuwemo. Kwa hivyo Serikali ya Zanzibar ndiyo ijengayo skuli zetu na iajiriyo walimu wake. Lakini leo mambo hayo ni 22, na katika yaliyoongezwa yamo Elimu ya Juu na Baraza la Mitihani la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973.

Angalieni basi kazi ilivyogawika. Sera yetu ya mwaka 2006 iliweka elimu ya msingi ya miaka sita, na Hisabati na Sayansi kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Bara, zama hizo, msingi ulikuwa miaka saba kwa Kiswahili. Njia mbili, lakini kidato cha nne mtihani ni mmoja. Mwenye kushika pishi ndiye asemaye kama imejaa.

Jee, wenzetu wengine wamefanyaje? Huko Marekani, sheria iliyotiwa saini mwaka 2002 iliyashurutisha majimbo yapokeayo fedha za Washington kuwapima watoto kila mwaka, darasa la 3 hadi la 8, katika kusoma na hisabati. Kiwango cha kufaulu kila jimbo lilijiwekea, na viwango vikapishana mno. Sheria ya mwaka 2015 ikaibakisha mitihani, lakini ikayarejeshea majimbo uamuzi wa namna ya kuzinyanyua skuli dhaifu.

Funzo ni hili: kipimo cha pamoja si kosa. Kosa ni mpimaji asiyewajibika kwa apimwaye. Nasi hatutaki cheti cha kisiwani kisichovuka bahari. Mtoto wa Micheweni na wa Makunduchi ana haki ya cheti kinachoheshimiwa kote.

Tunadai walimu wa Visiwani washiriki kwa haki katika kutunga na kusahihisha mitihani. Mtaala usibadilishwe kabla ya Zanzibar kushauriwa. Na Baraza la Wawakilishi lielezwe matokeo kila mwaka.

Wazee wetu walipimwa kutoka Cambridge. Hatukuitaka mizani ije karibu ili tuitazame tu. Tuliitaka tuishike pamoja.