VUMBI, MOSHI NA UGONJWA WA PUMU
Hotuba kwa watu wa Habaswein



Leo nataka kusema nanyi habari za ugonjwa wa pumu, ambao Wasomali wengi huuita neef, yaani pumzi. Nimeuchagua ugonjwa huu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni jina la mji huu wenyewe. Kila mtu hapa ajua ya kuwa Habaswein maana yake ni vumbi kubwa, na wazee waliouita hivyo hawakukosea. Ya pili ni kwamba pumu huua watu ambao hawakupasa kufa. Shirika la Afya Ulimwenguni lilikadiria ya kuwa katika mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na ugonjwa huu, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi zisizo na mali nyingi, mahali ambapo ugonjwa hautambuliwi mapema na dawa hazipatikani kwa urahisi. Basi yafaa tumjue adui huyu, na jinsi ya kumzuia.

PUMU NI NINI?

Pumzi tunayovuta hupita kooni, ikaingia katika mirija inayogawanyika mapafuni kama mgunga: shina moja, kisha matawi, kisha vitawi vidogo sana. Kwa mtu mwenye pumu, ngozi ya ndani ya mirija hiyo imevimba kidogo hata siku anapojiona mzima, na kwa hiyo huudhika upesi. Likija vumbi, au moshi, au baridi ya alfajiri, mambo matatu hutokea. Misuli inayozunguka mirija hujikaza, uvimbe huzidi, na makohozi mazito huziba nafasi iliyobaki. Ndipo mtu huona kifua kimebanwa, hukohoa hasa usiku na alfajiri, na kifua chake hulia kama filimbi anapotoa pumzi.

Baada ya muda mirija hufunguka tena, naye husema, "Nimepona." Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mlio umekwisha, lakini uvimbe ungalipo, kama kaa la moto lililofunikwa kwa majivu.

Pumu haiambukizi. Haitoki kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa kula pamoja, wala kwa kulala nyumba moja. Si kazi ya majini wala ya jicho baya. Mara nyingi hufuata ukoo, lakini mama hana kosa lo lote kwa kuzaa mtoto mwenye pumu.

Nasema hivyo kwa sababu katika sehemu zetu kifua kikuu nacho kipo, na mtu akikohoa sana majirani huanza kunong'ona. Kwa kuogopa minong'ono, wako wanaoficha ugonjwa wao, na hasa wasichana wanaokaribia kuolewa. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Mtu akikohoa muda wa wiki mbili au zaidi, akikonda, akitokwa na jasho usiku au akitema damu, na aende hospitali apimwe makohozi. Ikiwa ni kifua kikuu, kina dawa zake na hupona. Ikiwa ni pumu, inayo njia yake nyingine. Kupimwa si aibu. Aibu ni kumzika mtu kwa ugonjwa ambao hatukuuliza jina lake.

MAMBO YANAYOIAMSHA

La kwanza ni vumbi. Katika jilali, na katika miezi ya upepo ya hagai, pepo huvuma siku nzima na magari hutifua mchanga barabarani. Hatuwezi kuuzuia upepo, lakini mwenye pumu aweza kujifunga kitambaa puani na mdomoni. Nyumba na uwanja na vinyunyiziwe maji kidogo kabla ya kufagiwa, na kazi ya kufagia asipewe mgonjwa.

La pili ni moshi. Katika aqal, ile nyumba yetu ya fito na mikeka, moshi wa kuni hukosa njia ya kutokea. Mama na mtoto wake mchanga ndio wanaouvuta zaidi kuliko wote. Pikieni nje kila iwezekanapo, upande unaokopelekwa moshi na upepo mbali na mlango, na mtumie kuni kavu. Vile vile kazi ya kufukiza vyombo vya maziwa yafaa ifanywe nje, na mgonjwa akae mbali. Najua ya kuwa uunsi ni heshima ya nyumba, na hakuna arusi isiyo na harufu yake. Lakini kwa mwenye pumu ubani ni moshi kama moshi mwingine. Atakayempenda mgonjwa wake atauacha udi siku hizo, au atautia chumba ambacho mgonjwa halali. Kuhusu sigara sina maneno mengi: mwenye pumu asivute, wala mtu asivute mbele yake.

La tatu ni mti wa mathenge. Mti huu uliletwa nchini Kenya kutoka nchi za ng'ambo ili kuzuia jangwa, nao umeenea sana kaskazini. Unga wa maua yake umethibitishwa na wataalamu kuwa huwadhuru watu wengi wenye pumu. Yafaa uondolewe karibu na nyumba na karibu na shule.

La nne ni mafua, ambayo huwashambulia hasa watoto. La tano ni dawa nyingine. Wako watu wenye pumu ambao aspirini huwabana kifua vibaya. Kabla ya kununua kidonge cha maumivu dukani, mwambieni mwuzaji habari za pumu yenu.

Wala msidhani ya kuwa pumu ni ugonjwa wa nchi ya vumbi peke yake. Huko Mombasa na Lamu, kwa sababu ya unyevu, vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho huishi katika magodoro na kuiamsha pumu. Na katika mji wa Melbourne, nchi ya Australia, tarehe 21 Novemba 2016, ilipiga tufani ya radi iliyopasua unga wa maua ya nyasi. Maelfu ya watu walikimbilia hospitali, na watu 10 walikufa. Mji tajiri wenye hospitali nyingi ulishindwa kwa usiku mmoja. Kila nchi ina vumbi lake.

DAWA MBILI

Dawa zilizo bora za pumu huvutwa kwa mdomo kutoka katika kichupa kiitwacho inhela, ili ziende moja kwa moja mapafuni. Ziko namna mbili, na ni lazima tuzipambanue.

Namna ya kwanza ni ile ya kufungua mirija upesi. Jina lake ni salbutamol, na mara nyingi kichupa chake ni cha rangi ya buluu. Ilianza kuuzwa mwaka 1969. Hulegeza misuli kwa muda wa dakika chache, lakini haiponyi uvimbe. Namna ya pili ni dawa ya kuzuia, kama vile beclometasone, ambayo mara nyingi huwa katika kichupa cha rangi ya kahawia. Hii hutuliza uvimbe wenyewe. Haileti nafuu mara moja, bali hufanya kazi polepole, na ni lazima itumiwe kila siku, hata siku ambayo mtu hana shida.

Kosa kubwa la wengi ni kuipenda ya buluu kwa sababu ya upesi wake, na kuiacha ya kahawia. Ni sawa na mtu anayezima moto wa boma kila usiku, wala haliondoi kaa linalouwasha. Katika mwaka 2019 jopo la wataalamu wa pumu wa dunia, liitwalo GINA, lilitangaza ya kuwa haifai tena mtu mzima wala kijana kutibiwa kwa dawa ya upesi peke yake. Ni lazima apate na dawa ya kutuliza uvimbe. Kichupa cha buluu kwa kawaida kina mivuto 200. Mtu anayemaliza vichupa vitatu au zaidi kwa mwaka yumo katika hatari ya kushikwa vibaya, na anayemaliza kimoja kila mwezi yumo katika hatari ya kufa. Hesabuni vichupa vyenu kama mnavyohesabu mifugo.

Wengine husema ya kuwa inhela humzoesha mtu hata asiweze kuiacha. Si kweli. Anayeitumia kila siku hufanya hivyo kwa kuwa ugonjwa ni wa kila siku. Lakini baada ya kuvuta dawa ya kahawia, mtu asukutue kinywa kwa maji na kuyatema, ili asipate utando mweupe mdomoni.

CHUPA YA SODA

Watu wengi, na hasa watoto, hawawezi kuivuta dawa vizuri, huishia ulimini. Shida hii ina dawa isiyohitaji fedha. Mwaka 1999 madaktari wa Afrika Kusini waliandika habari za chupa ya plastiki ya soda, ya nusu lita. Waliitoboa upande wa chini tundu linaloenea mdomo wa inhela barabara, wakaziba kando kwa gundi. Watoto walivuta dawa kupitia mdomo wa chupa, na matokeo yakawa mazuri sawa na ya chombo cha kununua. Osheni chupa kwa sabuni, ikauke, tikiseni inhela, bonyezeni mara moja, na mtoto avute pumzi nne tano polepole. Kisha bonyezeni tena. Mwombeni tabibu atazame jinsi mnavyofanya.

Tena, kichupa hiki hakipendi joto. Kiwekeni kivulini, karibu na mtungi wa maji, wala kisiachwe ndani ya gari juani wala kutupwa motoni, maana chaweza kupasuka.

CHUMA CHA MOTO

Wazee wangu, hapa nasema kwa heshima. Desturi ya kuchoma kifua kwa chuma cha moto ni ya zamani, na waliotuachia walitaka kutusaidia. Lakini moto wa ngozi haufiki katika mirija. Mtoto hubaki na pumu yake, na juu yake ameongezewa kidonda. Mbaya zaidi ni zile saa zinazopotea, kwa sababu kifua kilichobanwa sana hakingoji.

Na katika mwezi wa Ramadhani, mtu asiache dawa kwa kuogopa kuvunja saumu. Dawa ya kuzuia inayovutwa mara mbili kwa siku yaweza kuvutwa wakati wa futari na wakati wa daku. Kuhusu kuivuta mchana, mashehe wana maoni mbalimbali. Mwulizeni shehe wenu pamoja na tabibu kabla ya mwezi kuandama. Lakini mtu akibanwa, na avute dawa mara hiyo hiyo. Sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

MTU AKISHIKWA

Mketisheni wima, msimlaze. Mlegezeeni nguo, na watu wasimzunguke. Mpeni dawa ya buluu mivuto minne, mmoja mmoja, kwa chupa kama ipo. Ngojeni dakika nne. Kama hana nafuu, mpeni minne tena, mtafute gari, na kuendelea hivyo hivyo njiani. Akiwa hawezi kumaliza sentensi moja, au midomo imegeuka rangi, au mbavu zinaingia ndani, au anasinzia, msingoje hata kidogo. Na kifua kilichokuwa kikilia, kikinyamaza ghafula hali mtu angali anahangaika, hiyo si nafuu. Ni dalili mbaya kuliko zote.

Fikirini kijana aliye malishoni na ngamia, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Huko hakuna gari wala tabibu. Uhai wake umo katika mambo matatu: kutumia dawa ya kuzuia kila siku kabla ya kutoka, kuchukua inhela ya akiba, na kumfundisha mwenzake kazi hii niliyoieleza. Asitoke bila hayo matatu, kama vile asivyotoka bila maji.

Neno langu la mwisho ni kwa wazee wa baraza. Tangu mwaka 2013 kazi nyingi za afya zimekuwa mikononi mwa serikali za kaunti. Basi mkifika hospitali mkakuta ya buluu ipo na ya kahawia haipo, msirudi nyumbani kimya. Ulizeni, na mwulize tena katika baraza, kama mnavyouliza habari za kisima kilichoharibika. Hatuwezi kulibadili jina la Habaswein, wala hatutaki. Lakini twaweza kuishi katika vumbi letu, na watoto wetu wakavuta pumzi.